Ahsante Imepanda

Bwana Msabah wa mtaa wa Kajificheni hali riba. Muulize mtu yeyote. Au usimuulize mtu, kaa tu dukani kwake kidogo baina ya majora ya vitambaa, atakwambia mwenyewe, tasbihi mkononi na sauti laini kama iliyopakwa samli.

"Riba? Astaghfirullah! Mimi nakopesha kwa ajili ya Mungu."

Mkopaji, maskini, huwa hajamaliza kusema alhamdulillahi, Bwana Msabah ameshaongeza: "Ila nafsi yako ikikutuma kusema ahsante, hiyo ni hiari yako. Siwezi kumkataza mtu kushukuru."

Kwa mlango huo ndiko alikopita Mwatima, na mtu asimcheke, maana wengi walipita papo hapo na akili zao timamu. Mwatima alikuwa fundi wa nguo za kike na za watoto, anakaa chumba cha chini Sokomuhogo, mlango unafunguka njiani. Alipoachwa na mumewe alitoka na sanduku moja na sindano zake. Akawa anadarizi kofia kwa mkono, usiku na mchana, mpaka vidole vikaota sugu, na fedha anayoipata haimtoshi hata kuzipaka mafuta hizo sugu. Kisha fundi mmoja jirani akawa anahamia Mombasa, anauza cherehani yake shilingi mia mbili. Mia mbili Mwatima hana. Bwana Msabah anazo.

Wakakubaliana kwa mdomo. Atalipa shilingi kumi kila mwezi mpaka ziishe. Cherehani itakaa kwake Mwatima, lakini ni rehani ya Bwana Msabah. Siku malipo yakigoma, itakwenda kwake. "Cherehani rehani," akasema Bwana Msabah, na wote wawili wakacheka. Kukopa harusi, bwana. Siku ile Mwatima alirudi kwake miguu haigusi chini.

Mwezi wa mwanzo ulipoisha akapeleka shilingi zake kumi, akaziweka kwenye kiganja cha Bwana Msabah, akasema kwa moyo wake wote: "Ahsante sana, Bwana Msabah. Mungu akuzidishie."

Bwana Msabah akazitia zile kumi kwenye sanduku. Kisha mkono ukarudi pale pale, wazi.

"Bado nini?" Mwatima akauliza.

"Ahsante."

"Nshasema ahsante."

"Hiyo ya mdomo, bibi," akasema Bwana Msabah kwa upole, kama mwalimu wa chuo cha Kurani anayemsahihisha mtoto harufi. "Wenzio husema ya shilingi tatu."

Basi ikawa hivyo. Kumi za deni, tatu za ahsante, mwezi baada ya mwezi, mwaka mzima. Sisi wengine tumekua tukijua ahsante ya punda ni mateke. Ahsante ya Bwana Msabah ilikuwa shilingi, na zile tatu hazikupunguza hata senti moja katika deni. Mwatima alizichukia zile tatu kuliko zile kumi, lakini alilipa, maana cherehani ilikuwa inakwenda vizuri, trrrr, trrrr, na jina lake limeanza kujulikana mpaka mtaa wa Malindi.

Ukaingia Shaaban wa mwaka wa hamsini na saba. Ramadhani iko mlangoni, na nyuma yake Idi, na nani asiyejua Idi ilivyo kwa fundi cherehani? Kila mama anataka kanzu ya mwanawe iwe tayari kabla ya ya mtoto wa jirani. Nguo za watu zilijaa chumbani kwa Mwatima, kwenye kiti, juu ya sanduku, mpaka kitandani alikuwa analala pembeni kama mgeni. Asubuhi moja akafunga shilingi kumi na tatu za mwezi wa kumi na mbili kwenye pindo la kanga, akavaa buibui lake, akenda dukani.

"Sabalkheri, Bwana Msabah."

"Sabalkheri, Bi Mwatima. Kazi vipi?"

"Alhamdulillahi! Mwaka huu sina hata pa kukaa, nguo zimenijaa."

Lo, ulimi hauna mfupa. Hakutakiwa kusema hivyo, naye alijua alipoona nyusi za Bwana Msabah zikipanda kidogo, kisha zikashuka. Zile kumi zikaingia sandukuni. Zile tatu zikafuata. Mkono ukabaki wazi.

"Bado tano," akasema Bwana Msabah.

"Tano za nini tena?"

"Ahsante imepanda."

Mwatima alidhani hakusikia vizuri. "Imepanda?"

"Imepanda, bibi. Ni nane sasa. Hujasikia habari ya Suwezi? Mfereji umefungwa. Meli zinaizunguka Afrika nzima ndipo zifike hapa. Kitambaa cha marikani juu, sukari juu, mafuta ya taa juu. Sasa ahsante peke yake ibaki chini, imekosa nini?"

"Ahsante yangu inatoka Sokomuhogo, Bwana Msabah. Haipiti Suwezi."

Bwana Msabah akacheka mpaka akafuta macho. Alikuwa na kicheko kizuri, hilo tusimnyime. Kisha akavuta tasbihi punje moja, punje ya pili, na sauti ikarudi kwenye samli yake. "Silazimishi mtu mimi. Ni hiari yako. Utaniletea hizo tano Jumamosi. Lakini hofu yangu, mwanangu, ni kuwa mtu asiyejua kushukuru, hata alichopewa hakikai naye. Cherehani itarudi kupumzika kwangu. Na msimu huu wa Idi wanunuzi hawakosekani."

Mwatima alirudi na hasira mpaka machozi. Alipita vichochoroni bila kumwitikia mtu salamu. Tano juu ya kumi na tatu! Akizitoa, kodi ya chumba haitoshi. Asipozitoa, cherehani inakwenda, nguo za watu zinabaki nusu, na Idi ikifika bila kanzu, kina mama watamrarua yeye badala ya vitambaa. Na baadaye? Arudi kudarizi kofia. Au arudi Kikwajuni kwa kaka yake, kwa wifi yake anayehesabu vipande vya nyama chunguni. Bora afe na sindano mkononi.

Jirani yake, Mwanakheir, alikuwa mlangoni akichagua mchele. Mwanakheir ndiye aliyekuwa na sauti kuliko wanawake wote wa mtaa; harusi isiyoimbwa naye ilihesabiwa haijafungwa. Akasikiliza kisa chote, mkono umesimama juu ya ungo.

"Nenda kwa kadhi, shoga."

"Nikamwambie nini? Kuwa natoa riba mwaka mzima? Si nasi tunaingia motoni pamoja, mpokeaji na mtoaji? Naye atasema ni ahsante. Atakula kiapo, na kiapo chake kitakuwa cha kweli!"

"Hapo kweli," Mwanakheir akakiri. "Na sasa hivi usimguse, maana anajipamba. Hujui? Msimamizi wa wakfu wa msikiti amefariki, na zile nyumba tatu za wakfu zinatafutiwa mtu mwaminifu. Bwana Msabah anaitaka kazi hiyo kufa na kupona. Kila alasiri anawakalisha wenye kuchagua, Sheikh Muhiddin na wazee, barazani kwake, anawamiminia kahawa kwa mkono wake mwenyewe. Kashata bure, shoga! Bwana Msabah anatoa kashata bure!"

Wakacheka, maana kulia hakusaidii. Lakini Mwatima aliporudi ndani na kukaa mbele ya cherehani, aliuweka mkono wake juu ya kile chuma cheusi, akaupitisha polepole kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

Alkhamisi mchana ikapigwa hodi ya kutikisa mlango. Alikuwa Bi Mize, shangazi yake, ameshuka kwenye gari la shamba kutoka Bwejuu na pakacha la muhogo na kikapu cha pweza mkavu. Kaja kula vunja jungu na mwanawe Mwatima, yale mapochopocho ya siku za mwisho kabla Ramadhani haijawafunga watu midomo. Bi Mize alikuwa mrefu, mkavu, mikono migumu kwa kusokota kamba za usumba, na sauti aliyokuwa nayo haikujua kuwa mjini kuna kuta.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Mbona uso umekukunjamana, umelamba ndimu?"

Mwatima akajaribu kuficha, lakini mtu hamfichi Bi Mize. Wakakaa wakimenya muhogo, akaanza. "Kuna bwana kanikopesha fedha za cherehani."

"Kwa riba?" Kisu cha Bi Mize kikasimama.

"Hapana. Anasema kwa ajili ya Mungu."

"Mashaallah! Kumbe mjini wamo watu."

"Ila kila mwezi nampa ahsante. Shilingi tatu."

"Umefanya vizuri."

"Sasa anataka nane."

Bi Mize akafikiri. "Unampaje?"

"Nampa mkononi. Dukani."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya nani, shangazi? Mie na yeye."

"Ndiyo maana!" Bi Mize akapiga paja lake. "Ndiyo maana kakasirika akapandisha! Mtu kakufanyia wema mkubwa hivyo, nawe unakwenda kumtia shilingi kiganjani kama unanunua dagaa. Hukulelewa hivyo! Mzee Matar alipotupatia miti ya kujengea nyumba, hukumbuki? Tulimwendea mtaa mzima barazani kwake, kigoma mbele, sinia juu ya kichwa. Tukasema mbele ya watu katupa nini, na sisi tumemletea nini. Mtu mwema hashukuriwi gizani, Mwatima. Anayeshukuriwa gizani ni mwizi."

"Shangazi, hii si ahsante hasa. Hii ni..."

Neno lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi. Lakini pale pale Mwatima akaliona baraza la Kajificheni mbele ya macho yake: Sheikh Muhiddin na kikombe chake, wazee wakitafuna kashata za bure, Bwana Msabah na tasbihi. Na katikati yao Bi Mize, na sauti yake. Neno akalimeza. Kikamjia kicheko na hofu kwa pamoja, hata hakujua kipi kilikuwa mbele.

"Hii ni nini?" Bi Mize akauliza.

"Hii ni hiari yako, shangazi," akasema Mwatima. "Wewe ndiye mkubwa."

"Kigoma ninacho," ikasema sauti mlangoni. Alikuwa Mwanakheir na ungo wake. Muda wote ule alikuwa pale, na wala hakujisingizia kuwa amefuata chumvi.

Siku ile Mwatima alishona kama mwenye kukimbizwa. Alimaliza kanzu nne za watoto kwa mfululizo, maana huenda kesho yake wakaja wapagazi kuibeba cherehani, na angalau hao wanne wawe wamevaa. Mara mbili alitaka kumwambia Bi Mize tuache. Mara mbili akakumbuka lile neno, "imepanda", na mguu ukarudi kwenye kanyagio.

Ijumaa alasiri, watu wametoka kuswali, wakatoka Sokomuhogo. Mbele Bi Mize na sinia la halua na pweza wa nazi. Nyuma yake Mwanakheir na kigoma, kisha majirani wengine katika mabuibui yao, kila mmoja kajitia hajui anakokwenda na kila mmoja anajua. Mwatima alikuwa katikati. Madirisha ya juu yakafunguka. Wauza maji ya miwa wakaacha mashine zao. Harusi ya nani? Na vigelegele vile, ni vya nani?

Barazani kwake Kajificheni, Bwana Msabah alikuwa ameinama na dele, anammiminia Sheikh Muhiddin kahawa. Wazee wawili wako kando. Kigoma kiliposikika alitabasamu, kwani nani hapendi harusi? Tabasamu hilo lilikaa usoni mpaka kigoma kikasimama mbele ya miguu yake, na Mwanakheir akafungua kinywa:

*Tumekuja kushukuru,*
*Bwana Msabah pokea,*
*Deni lisilo na riba,*
*Mola atakulipia!*

"Assalaam alaykum!" akasema Bi Mize. Njiwa waliokuwa juu ya ukuta wakaruka.

"Wa alaykum salaam," akajibu Sheikh Muhiddin, mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa uzi sikio moja. "Kuna kheri gani leo?"

"Kheri tupu, Sheikh! Mimi ni Mize wa Bwejuu. Huyu mwanangu Mwatima aliachwa bila kitu. Bwana huyu akamkopesha mia mbili anunue cherehani, kwa ajili ya Mungu, bila riba. Watu kama hawa wamebaki wangapi?"

"Allahu akbar," wakasema wazee, wakamtazama mwenyeji wao kwa macho mapya. Bwana Msabah akainamisha kichwa kwa unyenyekevu. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanamwendea vizuri, na huenda alikuwa ameshaanza kuziona funguo za zile nyumba tatu.

"Na mwanangu si mtovu wa shukurani," Bi Mize akaendelea. "Mwaka mzima anampelekea ahsante yake, shilingi tatu kila mwezi, mbali na deni. Lakini alikuwa anampa kwa kificho dukani, mtoto hajui. Sasa ahsante imepanda, imekuwa nane, nasi tumesema hii nane isitolewe kichochoroni. Tumekuja kuitoa mbele yenu, muione, mumshuhudie."

Vigelegele! Mwanakheir akavirefusha mpaka mtaa wa pili. Vilipokwisha, kahawa ilisikika ikimwagika. Bwana Msabah alikuwa bado anamimina, kikombe kimeshajaa.

Sheikh Muhiddin akarudisha miwani yake juu ya pua. "Imepanda?"

"Imepanda, Sheikh," akasema Bi Mize. "Suwezi imefungwa."

"Suwezi." Sheikh akalirudia neno lile kama mtu anayeonja chumvi. "Bwana Msabah, ahsante hii, unamdai huyu?"

Bwana Msabah akaweka dele chini. Uso ulikuwa unatoka jasho, lakini ulimi, mashaallah, bado ulikuwa na samli. "Mie? Nimdai mtu ahsante, Sheikh? Bibi mkubwa ametoka mbali, kachoka, kachanganya maneno. Mwenyewe yupo. Bi Mwatima, waambie. Nimewahi kukudai?"

Alimtazama Mwatima, na macho yale yalikuwa hayacheki. Ndani yake ilikuwamo cherehani nzima, na kodi, na wifi wa Kikwajuni. Wakati huo Mwatima angeweza kusema, ah, shangazi kakosea, tusameheni, na Jumamosi apeleke zile tano kimya kimya, na mwakani ziwe kumi. Akamtazama Bi Mize aliyesimama na sinia juu ya kichwa, hana wasiwasi na mtu. Hasira ya siku zile ikampanda yote kwa mara moja, na ilipofika kinywani ikawa imepoa, tamu.

"Hajanidai, Sheikh," akasema. "Nitakuwa mwongo. Bwana Msabah aliniambia tangu siku ya kwanza: ni hiari yangu, nafsi ikinituma."

"Mnasikia?" Bwana Msabah akapumua.

"Basi kuanzia leo, Sheikh, nafsi haijanituma."

Mzee mmoja akapaliwa na kashata. Mwanakheir akaificha sura yake nyuma ya kigoma, mabega yanatikisika.

"Haijakutuma," akasema Sheikh Muhiddin taratibu. "Naam. Na nafsi haina mtu wa kuilazimisha. Umesikia, Bwana Msabah?"

"Nimesikia."

"Na zile tatu tatu za mwaka mzima?" akauliza Bi Mize. "Nazo zimekwenda wapi? Au ndizo hizi kashata?"

Sasa hapa lazima tumvulie kofia Bwana Msabah, maana mtu mwingine angezimia. Yeye alimeza mate mara moja tu. "Zile?" akasema. "Zile nilikuwa nazipokea kwa kumwonea haya asivunjike moyo. Lakini nazihesabu katika deni lake. Zimo! Nilitaka iwe jambo la kumfurahisha mwishoni."

"Mashaallah," akasema Sheikh. "Zote?"

Bwana Msabah akatazama kulia, kuna wazee. Akatazama kushoto, kuna majirani. Juu, madirisha yote yana vichwa.

"Zote," akasema.

Deni la themanini likashuka mpaka arubaini na nne, pale pale, kahawa haijapoa. Mwatima alipiga hesabu kichwani, akapiga tena, kisha akalia, mbele ya wanaume, bila kujali. Bi Mize naye machozi yakamtoka. Akaweka sinia chini, akanyanyua mikono akamwombea Bwana Msabah dua ndefu ya kishamba. Mungu ampe umri, Mungu ampe watoto wenye moyo kama wake, Mungu aikunjue mikono yake kama alivyoikunjua kwa yatima na wajane, na kila kituo Bwana Msabah ilimbidi aseme amin. Alisema amin nyingi siku ile kuliko Ramadhani iliyopita.

Habari ilifika sokoni kabla yao. Kesho yake wadaiwa wengine wa Bwana Msabah walimpelekea malipo ya mwezi, na ajabu ni kwamba hakuna hata mmoja ambaye nafsi ilimtuma. Na ile kazi ya wakfu akapewa mtu mwingine. Sheikh Muhiddin alimwambia kwa upole kuwa mtu anayekopesha kwa ajili ya Mungu ana kazi kubwa, haifai kumwongezea mzigo.

Ijumaa ile, njiani wakirudi, Mwatima akamshika Bi Mize mkono. "Shangazi, ulikuwa unajua?"

"Nijue nini?"

"Kuwa ile ahsante..."

"Sisi watu wa shamba hatujui kitu," akasema Bi Mize. Akatembea hatua kadhaa. "Na wewe umesahau kuweka ndimu kwenye pweza." Mwatima hakumuuliza tena. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wahenga hawakutaja kuwa mgeni ni lazima aeleze.

Ramadhani ikaingia. Cherehani ilisema trrrr mchana kutwa na baada ya tarawehe, na hakuna mtoto wa Sokomuhogo aliyeamka siku ya Idi bila kanzu yake. Sikukuu zilipokwisha, Bwana Msabah akafungua duka. Mwatima akaingia na gauni alilojishonea mwenyewe chini ya buibui, la kitambaa cha maua alichokinunua duka jingine.

"Sabalkheri, Bwana Msabah. Nimekuja kumaliza."

Akaziweka arubaini na nne, noti juu ya noti na shilingi juu yake. Bwana Msabah akazihesabu, akazitia sandukuni, akalifunga. Kisha, mazoea yana tabu, mkono ukarudi pale pale, wazi. Wakautazama wote wawili.

"Ahsante, Bwana Msabah," akasema Mwatima.

Mkono haukuondoka.

"Ya mdomo," Mwatima akamwelezea. "Lakini nafsi imenituma."

Na ilikuwa kweli, hilo ndilo lililomshangaza mwenyewe. Bila ya zile mia mbili angekuwa bado anachoma vidole kwenye kofia za watu, na sasa cherehani ni yake, mguu kwa kichwa, haina rehani. Alikuwa ameibeba ahsante hiyo tangu ilipokataliwa mwezi wa kwanza, na hakuwahi tena kupata nafasi ya kuitoa.

Bwana Msabah alibaki akikitazama kiganja chake kitupu. Kisha akakikunja polepole, akakitia mfukoni. "Haya, mwanangu," akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa na samli. "Nimeipokea."